Tufunge Mnyororo Wenyewe

Sisi tujao shuleni kwa baisikeli twapaswa kujua kufungua na kufunga mnyororo. Wenzetu wengi husukuma baisikeli hadi kwa fundi, na kipindi cha kwanza huwapita. Tena wako mafundi wapigao nyundo pini yoyote waionayo, na hali mnyororo wa baisikeli isiyo na gia kwa kawaida una kiungo chake maalum chenye klipu.

Kuifungua si kazi. Taya moja la koleo liweke kwenye ncha za klipu zilizo wazi, la pili kwenye pini ya mbali, ubane polepole. Ifunike kwa kidole, maana huruka kama panzi.

Hatari iko katika kufunga. Upande wa klipu usio wazi sharti utangulie kule mnyororo uendako. Ukiigeuza, kitu kikiigusa njiani huichomoa, na mnyororo ukakatika mteremkoni. Kwa mwenye breki ya kukanyaga nyuma, breki nayo imekwenda.

Nawaomba walimu watuwekee koleo moja katika banda la baisikeli. Klipu ya akiba kila mtu anunue yake.