Meza ya pool: Faida iko kwenye jiwe, si kwenye mbao za kung'aa

MSIMU wa mauzo unapowadia, iwe ni korosho Mtwara na Lindi au pamba kule Shinyanga, baadhi ya wakulima na wafanyabiashara wadogo huamua kuweka sehemu ya fedha zao kwenye meza ya pool. Wapo wanaoitaka kwa ajili ya nyumbani, na wapo wanaoiweka barazani mwa duka au kwenye baa ili iwaingizie chochote.

Wengi hununua ile ya bei ya chini kwa hoja kwamba wachezaji wenyewe bado wanajifunza. Hoja hiyo inaonekana ya busara, lakini kwa hesabu ina kasoro kubwa, kwa kuwa mchezaji hakai kuwa mwanafunzi miaka yote.

Anayeanza haoni ubovu wa meza. Mpira ukipinda karibu na tundu hujilaumu mwenyewe kwamba hakulenga sawasawa. Baada ya miezi kadhaa, akishajua kupiga taratibu na kuuweka mpira mweupe anapotaka, anagundua kwamba meza ndiyo inayomwangusha. Kama ni ya nyumbani, huachwa ikageuka mahali pa kuanikia nguo. Kama ni ya biashara, mteja anahamia kwa jirani.

Mteja huyo ndiye mwenye faida. Tuchukue mfano wa meza inayofanya kazi kuanzia saa 10 jioni hadi saa 4 usiku, kwa shilingi 500 kila gemu. Wanaojifunza wakitumia dakika 20 kwa gemu moja, meza itachezwa mara 18 na kuingiza shilingi 9,000. Waliokomaa wakitumia dakika 8, ni gemu 45, yaani shilingi 22,500, kwa muda uleule na meza ileile. Hayo ni makadirio ya juu, maana hakuna meza isiyokaa bure hata kidogo, lakini tofauti yake inaonekana. Saa za mchana zimeachwa makusudi. Tangu mwaka 2016, viongozi wa serikali walipokemea vijana kucheza pool saa za kazi, mfanyabiashara makini hapigi hesabu za asubuhi.

Jambo la kwanza kutazama ni kitanda cha meza, yaani kile kilicho chini ya kitambaa. Meza za bei ya chini huwa na ubao wa kusaga na kugandisha kwa gundi. Ubao huo hunywa unyevu, na kwa mikoa ya pwani wakati wa masika, au meza inapokaa kwenye baraza la bati, huanza kubonyea. Ukishabonyea haunyooki tena. Meza nzuri huwa na bamba la jiwe lenye unene wa kama milimita 19 au zaidi, ambalo halipindi kwa unyevu wa kawaida.

Kuitambua si kazi ngumu. Mnunuzi ainame aguse kwa chini: jiwe ni la baridi, la kijivu, na likigongwa halitoi mwangwi kama ubao. Uzito nao unasema, kwani meza ya jiwe ya futi 7 hufika kilo 200 na zaidi. Anayeambiwa kwamba vijana wawili wataibeba juu juu ajue anauziwa ubao.

Pili ni mpira wa kingo. Mpira wa kuchezea ukipigwa kwa nguvu kwa urefu wa meza unatakiwa kwenda na kurudi, na kukamilisha urefu huo mara tatu au nne hivi kabla ya kusimama. Ukigota na kufia hapo, kingo zimekwisha. Halafu usukumwe taratibu kabisa, kutoka pande zote nne, na kuangaliwa kama unakwenda upande.

Ni kwa sababu hiyo meza ya jiwe iliyokwishatumika ina thamani kuliko mpya ya ubao. Kitambaa hubadilishwa, kingo hubadilishwa, fimbo na mipira hununuliwa. Lakini jiwe lenye ufa ni la kukimbia, hata kama muuzaji ameliziba vizuri.

Nafasi nayo isisahaulike. Meza ya futi 7 ina eneo la kuchezea la karibu sentimita 183 kwa 91. Fimbo ya sentimita 145 inahitaji kuvutwa kila upande, hivyo chumba kisipungue mita 4.7 kwa 3.8. Kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 wachezaji watatoboa ukuta.

Wanaonunua kwa ajili ya nyumbani hawana sababu ya kulipia mtambo wa sarafu. Meza nyingi za sarafu hutumia mpira mweupe mdogo kidogo kuliko mingine ili uweze kurudi peke yake ukitumbukia, na wachezaji wazuri huulalamikia kwa kuwa hauendi kama mipira mingine.

Meza ikifika, fundi aisawazishe kwa pima maji ikiwa mahali itakapokaa, kwenye sakafu ya saruji. Ikihamishwa hata hatua mbili, ipimwe upya. Kitambaa kipigwe brashi kila jioni kabla ya gemu ya kwanza, hasa kwenye miji yenye barabara za vumbi, na usiku meza ifunikwe.