Waini Ina Maneno, Busaa Ina Askari

Kuna watu siku hizi wanalipa pesa nzuri kufundishwa kunywa. Wanashikishwa glasi kwa mguu wake, wanaambiwa waizungushe, wanuse, waonje kidogo, halafu waseme wamesikia nini. Wakimiminiwa Gamay, waini nyekundu ya Beaujolais kule Ufaransa, wanasema cheri, wanasema rasiberi. Ile changa inayotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba wanasema inanukia ndizi. Ndizi! Mtu wa Migori, jirani wa migomba ya Kisii, anasubiri Mfaransa amweleze harufu ya ndizi.

Sina ugomvi na Gamay. Ni waini nyepesi, ina uchachu mzuri, na ukiipoza kidogo inakwenda vizuri sana na samaki wa ziwani. Ugomvi wangu ni na hawa wanaoinusa kwa heshima, kisha wakipita karibu na busaa wanaziba pua.

Nao hawajui historia ya hiyo Gamay yenyewe. Mwaka 1395, Philip, mtawala wa Burgundy, aliamuru mizabibu yake ing'olewe. Alisema ni mmea mbaya, usio mwaminifu, na waini yake inadhuru watu. Alitaka Pinot, zabibu ya wakubwa. Gamay ilibaki kwa wakulima, ikapata makao kwenye udongo wa mawe ya matale huko kusini. Leo chupa za Morgon na Fleurie zinawekwa mezani kwa adabu, na hakuna anayeuliza kama mmea umetubu.

Sasa njoo kwetu. Moi alipoingia madarakani, vilabu vya busaa vilifungwa. Mwaka 1980 sheria ikapiga chang'aa marufuku. Sheria ya 2010 ikaondoa marufuku hiyo, lakini ikataka kinywaji kifungwe kwenye chupa, kiwe na leseni, yaani mwenye kiwanda apite na mama mwenye sufuria abaki nje. Mtama wa Homa Bay na Migori ukipelekwa kiwanda cha bia cha Kisumu, kilichofunguliwa upya 2019, ni maendeleo. Mtama huohuo ukiingia chunguni nyuma ya nyumba, ni kesi.

Na busaa si uchafu wa kukorogwa tu. Unga wa mahindi unakandwa, unaachwa uchachuke siku kadhaa, unakaangwa kwenye bati mpaka ushike rangi, ndipo unachanganywa na maji na kimea cha wimbi. Ukizidisha moto, uchungu. Ukichelewa siku moja, siki. Mpishi anayejua anaonja kwa kidole na kusema bado. Huo si ujuzi? Wazee wa Kijaluo walikaa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na oseke yake, mrija mrefu, wakinywa kong'o polepole na maneno katikati. Hapo ndipo ulimi ulipofundishwa.

Utaniambia pombe imevunja nyumba nyingi, kuanzia machimbo ya dhahabu ya Nyatike hadi fuo za Mbita. Kweli, na mimi sibishani na mama anayelia. Lakini angalia nini kinaua. Novemba 2000 watu zaidi ya mia moja walikufa Nairobi, na 2014 wengine makumi kwa makumi wakafa, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Sumu hiyo inapenda giza. Mtu anayekunywa huku akisikiliza kama askari wanakuja haonji, anameza. Na hata anayeonja hawezi kutegemea ulimi kujua kwamba leo kinywaji kina kitu.

Katiba ya 2010 iliwapa magavana na wawakilishi wa wadi kazi ya leseni za pombe. Basi waache kungoja Nairobi. Mpeni mama wa busaa leseni anayoweza kulipa. Mpeni afisa wa afya kazi ya kupima kilichomo chunguni, badala ya polisi kukimwaga. Na nyinyi mnaozungusha glasi, wekeni maneno kwenye hiki pia: moshi wa bati, utamu wa wimbi, uchachu wa siku ya tatu. Mkishindwa, basi hamkujifunza kuonja. Mlijifunza tu bei.