Asili Haipimwi kwa Chombo

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kauli hiyo ni ya busara, nami ni miongoni mwa walioikariri tangu utotoni. Lakini kauli ya busara ikitoka kinywani mwa mwenye kufikiri huwa taa, na ikiangukia mkononi mwa mvivu wa kufikiri huwa rungu. Siku hizi limezuka kundi la watu nitakaowaita wapima asili. Hao wakisikia wimbo hawaulizi unasema nini, wala umetungwa kwa ustadi gani. Huuliza kwanza chombo kinachopigwa kimetoka wapi. Kikiwa kimetoka ng'ambo, basi kesi imekwisha: wimbo si wetu.

Sisemi haya kwa kuwasuta wengine tu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana katika utumishi wa serikali, niliteuliwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya nyimbo. Walitokea vijana watatu na fidla moja kuukuu, wakaimba habari za mama zao wanaolima mwani baharini, maji yakiwafika kiunoni. Watazamaji walinyamaza kimya. Mimi nikaandika katika karatasi yangu maneno matatu: "Chombo si chetu." Vijana wale hawakupata kitu. Nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha, kwamba taarabu ya Unguja, ambayo hakuna athubutuye kuiita ngeni, imeimbwa kwa fidla kwa vizazi kadhaa.

Deni hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Nami nitatoa ushahidi wangu si kutoka kwetu, ambako kila mtu ana upande wake, bali kutoka kwa taifa dogo la mbali, Wacheki wa Ulaya ya kati, na muziki wao wa kwarteti ya nyuzi.

Kwarteti ya nyuzi ni kundi la wanamuziki wanne: wawili hupiga fidla, mmoja hupiga viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi, na wa nne hupiga selo, ambayo huipakata katikati ya magoti. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji, wala hakuna kiongozi wa kusimama mbele akipunga kijiti. Kila mmoja ana sauti yake, na hakuna wa kumfichia kosa lake. Ni baraza la watu wanne wasiokuwa na mwenyekiti.

Je, baraza hilo lilibuniwa na Wacheki? La, hasha. Aliyeliimarisha kuliko wote katika karne ya 18 alikuwa Mwaustria, Joseph Haydn, na makao yake makuu yakawa Vienna. Na Vienna ndiyo iliyowatawala Wacheki. Tangu waliposhindwa katika vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620 hadi walipojitawala mwaka 1918, Wacheki walikuwa chini ya ufalme wa Habsburg, na kwa muda mrefu Kijerumani kilikuwa ndicho lugha ya ofisi na ya elimu ya juu. Kwa mizani ya wapima asili, basi, Mcheki mzalendo ilimpasa aikimbie kwarteti kama ukoma. Ilikuwa chombo cha mtawala, kutoka mji wa mtawala.

Sasa na tuangalie yaliyotokea. Bedřich Smetana alizaliwa mwaka 1824 katika mji wa Litomyšl. Huyu ndiye Wacheki wanayemwita baba wa muziki wao. Lakini alilelewa kwa Kijerumani, na alikuwa mtu mzima anayekaribia miaka arobaini alipojitahidi kujifunza kuandika Kicheki sanifu. Mpima asili angalimkataa mlangoni! Mwaka 1874 akawa kiziwi kabisa. Mwaka 1876, asisikie hata sauti ya mlango, alitunga kwarteti aliyoiita "Kutoka Maisha Yangu." Mwendo wa pili ni polka, dansi ya watu wa Bohemia. Wa tatu ni kumbukumbu ya mapenzi yake ya kwanza, kwa mwanamke aliyekuwa mkewe naye akafariki. Wa nne unaanza kwa furaha ya mtu aliyegundua namna ya kuutumia muziki wa taifa lake. Kisha ghafula furaha inakatika, na fidla ya kwanza inashikilia sauti moja nyembamba, ya juu sana, isiyokwisha. Hiyo ni sauti iliyokuwa ikilia ndani ya sikio lake kabla ya uziwi kumfunika.

Nani atasema sauti hiyo ni ya Vienna? Haydn aliacha baraza, hakuacha maumivu ya sikio la Smetana. Chombo huazimwa; maisha hayaazimwi. Na bado waamuzi wa Prague walipoletewa kazi hiyo waliikataa kwanza, wakidai haichezeki. Ilisubiri hadi mwaka 1878 ilipopigwa faraghani, na mwaka 1879 hadharani. Katika onyesho lile la faragha, viola ilipigwa na mtunzi kijana kuliko Smetana, Antonín Dvořák.

Dvořák alikuwa mwana wa mchinja nyama na mwenye nyumba ya wageni katika kijiji cha Nelahozeves. Aliutumikia ujana wake akipiga viola katika orkesta ya tamthilia mjini Prague, akala mkate wa jasho, akatunga kwarteti 14. Iliyo mashuhuri kuliko zote aliitunga mwaka 1893, si katika nchi yake, bali katika kijiji cha Spillville, jimbo la Iowa, Marekani, walikoishi wahamiaji wa Kicheki. Ilimchukua takriban majuma mawili. Wakati huo alikuwa mkuu wa chuo cha muziki mjini New York, na huko mwanafunzi Mwafrika-Mmarekani, Harry Burleigh, alikuwa akimwimbia nyimbo za dini za watu waliokuwa watumwa. Dvořák akawatangazia Wamarekani kwamba muziki wao wa kesho hauna budi kujengwa juu ya nyimbo za watu weusi. Hebu tazama: Mcheki, katika nchi ya ugenini, ndiye aliyewaambia wenyeji hazina yao iliko, wakati waheshimiwa wengi wa huko waliidharau.

Ungetazamia taifa lake lijivunie mtu huyo kwa kauli moja. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanachuoni Zdeněk Nejedlý na wafuasi wake walitangaza kwamba njia ya kweli ya muziki wa Kicheki ni moja tu, ya Smetana, na wakamshusha Dvořák. Mabishano hayo yalipamba moto zaidi kati ya mwaka 1911 na 1914. Nejedlý huyo baadaye, kuanzia mwaka 1945, akawa waziri, na mizani yake ikapata nguvu ya dola.

Walioijibu hoja ile vizuri kuliko wote hawakuijibu kwa kalamu. Walikuwa wapiga nyuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wanafunzi wanne wa chuo cha muziki cha Prague waliunda Kwarteti ya Kicheki: Karel Hoffmann, Josef Suk, Oskar Nedbal na Otto Berger. Suk baadaye alimwoa binti wa Dvořák. Kwa miaka arobaini hivi kundi hilo, huku baadhi ya wanachama wakibadilika, lilizunguka Ulaya likipiga Smetana na Dvořák, na Beethoven pia, wala halikumtaka msikilizaji achague mmoja na kumtupa mwingine. Ukweli ni kwamba karatasi yenye noti ni mbegu ghalani. Taifa humiliki muziki siku watu wake wanapokubali kuamka alfajiri na kuupiga mpaka vidole viote sugu. Kwarteti ya Smetana, iliyoundwa na wanafunzi mwaka 1943 Prague ikiwa mikononi mwa Wajerumani, ilidumu hadi mwaka 1989, na ikajulikana kwa kupiga kwa moyo, bila karatasi mbele yao. Sisi tuliokaa na wazee waliohifadhi tenzi kifuani tunaijua thamani ya jambo hilo.

Mtu ataniuliza: Kama chombo si kipimo, je, asili haipo kabisa? Ipo, na aliyetuonyesha iliko ni Leoš Janáček wa Moravia. Huyu alizunguka vijijini akikusanya nyimbo, lakini hakuishia hapo. Alitembea na kijitabu akinukuu kwa noti jinsi watu wanavyozungumza: muuzaji sokoni, mtoto anayelia, hata pumzi za mwisho za binti yake Olga, aliyefariki mwaka 1903. Aliamini kwamba katika kupanda na kushuka kwa sauti ya mtu aongeaye ndimo roho inamokaa. Kwarteti yake ya kwanza, ya mwaka 1923, ilitokana na hadithi ya Tolstoy, Mrusi. Chombo cha Vienna, kisa cha Urusi. Lakini nyuzi zinasema kama mwanamke wa Moravia aliyebanwa ukutani, kwa vipande vifupi vya sauti, vinavyokatika na kukwaruza. Walioipiga mara ya kwanza, mwaka 1924, ni Kwarteti ya Kicheki.

Sasa nafika penye uchungu. Janáček alikuwa na mwanafunzi jina lake Pavel Haas, mzaliwa wa Brno, Myahudi. Mwaka 1925 alitunga kwarteti juu ya matembezi yake katika nyanda za juu za nchi yake, na katika mwendo wa mwisho akaingiza ngoma za jazi. Wahakiki walizilaumu ngoma hizo, naye akaziondoa. Kisha wakaja wapima asili wa aina nyingine, wenye bunduki. Mwaka 1941 Haas alipelekwa katika kambi ya Terezín. Humo alikuwamo pia Viktor Ullmann, ambaye alitunga kwarteti yake ya tatu ndani ya kambi mwaka 1943. Oktoba 1944 wote wawili waliuawa Auschwitz.

Sisemi kwamba mhakiki na muuaji ni mtu mmoja. Mhakiki aliyezikataa ngoma hakumuua Haas, na kumsingizia ni dhuluma. Lakini nasema swali "huyu ni wetu au si wetu?" likitangulizwa mbele ya swali "huyu amefanya nini?" huwa limeanza safari, na anayelianzisha hajui litaishia mikononi mwa nani. Wacheki walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Vijana wanne walipounda kundi mjini Prague mwaka 2002 walilipa jina la Kwarteti ya Pavel Haas, na katika rekodi yao ya mwaka 2006 ngoma zile zilizoondolewa zilirudi mahali pake.

Je, basi tupokee kila kiletwacho? La. Anayeiga kilio cha mwenzake hali hana msiba ni mwigaji tu, hata akiwa na zeze la babu yake mkononi. Hiyo ndiyo pande ya pili ya hoja yangu, na wapima asili huikwepa: chombo cha kienyeji nacho hakimtakasi mwongo.

Nawaomba walimu, mnaposahihisha shairi, mchezo au wimbo wa mwanafunzi, muulize matatu. Je, amesema alilolijua mwenyewe? Je, ameitesekea kazi hata ikanyooka? Je, lugha ya watu wake inasikika ndani yake? Akipita hapo, msimwulize fidla ameipata wapi. Nanyi wanafunzi, mkikataliwa na mtu kama mimi, kaendeleeni kupiga.

Vijana wangu watatu sijui walikokwenda. Karatasi ile nilitia sahihi kwa mkono wangu, na alama nilizowanyima siwezi tena kuwarudishia.