Mwani wa maji baridi: Kigoma isikimbilie dizeli, ianze na chakula

KILA bei ya mafuta inapopanda katika soko la dunia, huzuka upya hoja kwamba dizeli ya kesho itatokana na mwani. Huo si mwani wa bahari unaolimwa Zanzibar kwa biashara tangu mwaka 1989, bali ni viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huyapa maji ya bwawa lililotuama rangi ya kijani.

Kwa mkazi wa Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, hoja hii haipaswi kupuuzwa. Kwa miaka mingi mji huo ulitegemea majenereta ya dizeli kwa umeme wake, na kila lita ilisafiri zaidi ya kilometa 1,000 kutoka pwani. Jua lipo, kwani Kigoma iko takriban nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Maji nayo yapo: Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, limehifadhi karibu moja ya sita ya maji baridi ya juu ya ardhi duniani ambayo si barafu.

Sayansi yake haina utata. Baadhi ya aina za mwani, zikinyimwa naitrojeni, hujilimbikizia mafuta hadi robo, au hata nusu, ya uzito wake mkavu. Mafuta hayo yakichanganywa na alkoholi pamoja na kichocheo hugeuka kuwa dizeli. Tena mwani hauhitaji shamba lenye rutuba.

Basi kwa nini hadi leo hatuuoni kwenye vituo vya mafuta?

Jibu ni gharama. Kwa kawaida lita moja ya maji ya bwawa la mwani haitoi hata gramu moja ya mwani mkavu. Iwapo robo ya uzito huo ni mafuta, lita moja tu ya dizeli itadai kuchujwa kwa zaidi ya lita 3,000 za maji, kisha kukausha na kukamua. Aidha, mwani ulionyimwa naitrojeni ili unenepe kwa mafuta hukua polepole.

Marekani iliendesha utafiti wa jambo hili kuanzia mwaka 1978 hadi 1996, ikabaini kuwa dizeli hiyo haiwezi kushindana kwa bei na ya petroli. Mwaka 2009 kampuni ya ExxonMobil nayo ilitangaza mpango mkubwa wa mafuta ya mwani. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa imejitoa.

Nasi tunao ushuhuda wetu. Katika wimbi la mibono, kampuni ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe. Mwaka 2011 mradi ulianguka, wanavijiji wakabaki bila ardhi waliyoitoa na bila ajira waliyoahidiwa.

Hata hivyo, mwani una faida nyingine. Wajapani walianza kukuza klorela kwa biashara miaka ya 1960, wakaiuza kama lishe. Mwani mwingine wa maji baridi, hematokokasi, hutoa rangi nyekundu inayowekwa kwenye chakula cha samaki wa kufugwa, nayo huuzwa kwa bei isiyolinganishwa kabisa na ya dizeli. Huko Ziwa Chad, akina mama wa Kikanembu wamekuwa wakichota spirulina, ipendayo maji ya magadi, na kuikausha juani kwa chakula.

Ikumbukwe pia kwamba mwani wa Ziwa Tanganyika tayari unafanya kazi. Huliwa na vijidudu vya majini, ambavyo huliwa na dagaa, nao dagaa huliwa na migebuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ziwani humo ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi kutokana na ongezeko la joto, kwani maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vema na ya chini yenye virutubisho. Watafiti hao walikadiria kuwa mavuno ya samaki yangeweza kushuka kwa asilimia 30. Mwaka 2024 Serikali ililazimika kufunga uvuvi ziwani humo kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15.

Kwa mantiki hiyo, yeyote atakayependekeza kuvuna mwani wa ziwa, au kumwaga mbolea ziwani ili uongezeke, atakuwa anahatarisha kitoweo cha Kigoma nzima. Mahali pa mradi ni nchi kavu, katika mabwawa madogo yasiyovujisha mbolea ziwani. Lengo la kwanza liwe chakula cha vifaranga wa samaki wa kufugwa, ili mzigo wa ziwa upungue.

Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo mjini Kigoma. Huko ndiko jaribio lianzie, kabla mwekezaji yeyote hajakabidhiwa ardhi. Uangalizi wa usalama nao ni wa lazima, kwa kuwa baadhi ya aina za mwani huzalisha sumu. Si kila kijani ni chakula.

Dizeli ikipungua gharama siku za usoni, ujuzi utakuwa umekwishapatikana. Kwa sasa wahenga wanatuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wa Kigoma ni dagaa.