Mashauri kwa Wenye Magari: Bomba la Kujazia Petroli

Mkulima wa Kinangop apelekaye maziwa na kabichi sokoni kwa pikapu ya siku nyingi huangalia sana injini na magurudumu yake. Ni wachache wanaokumbuka lile bomba fupi lishukalo kutoka kwenye kifuniko cha petroli hadi kwenye tangi. Mara nyingi bomba hilo hupita karibu na gurudumu la nyuma, mahali ambapo matope ya njia hurushwa kila siku. Matope hushika unyevu, unyevu huzaa kutu, na kutu hula chuma polepole hata kikatoboka. Mpira uunganishao bomba na tangi nao hukauka na kupasuka.

Dalili za ubovu huo si ngumu kutambua. Harufu ya petroli husikika baada ya kujaza tangi, na matone huanguka gari lipandapo mlima au likatapo kona. Tangi likifika nusu, hakuna kionekanacho. Wakati wa mvua maji na kutu huingia ndani, na injini ikaanza kukohoa na kuzimika njiani.

Mwenye gari asiseme kwamba ni tone tu. Kiwakacho hasa ni mvuke wa petroli, nao hutoka hata katika baridi ya usiku. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini ya gari na katika shimo la gereji, ukingojea cheche moja. Ukiwa sehemu 1 hadi 7 hivi katika kila sehemu 100 za hewa, huweza kulipuka. Ndiyo sababu tangi lililomwagwa petroli lina hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake mvuke na hewa vimepata nafasi ya kuchanganyika. Fundi achomeleaye bomba likiwa bado garini, akidhani kwamba tangi ni tupu, huhatarisha maisha yake na ya wasimamao karibu.

Njia iliyo salama ni hii. Gari liwekwe nje penye hewa, mbali na jiko, taa ya moto na mvuta sigara. Injini ikiisha kupoa, waya wa betri wa upande wa hasi ufunguliwe. Petroli itolewe na kutiwa katika jerikeni ya chuma yenye kifuniko. Kisha skrubu zifunguliwe, klipu zilegezwe, bomba litolewe, na tundu la tangi lizibwe kwa kitambaa safi.

Bomba lililooza lisitengenezwe, bali linunuliwe jingine. Lenye tundu dogo lioshwe vizuri kwa maji ya moto na sabuni, likauke kabisa, ndipo lipelekwe kwa fundi likiwa peke yake. Mpira mpya uwe wa kazi ya petroli. Kipande cha tyubu ya baiskeli hufura na kulainika upesi. Mpira mwembamba wa kupitishia hewa usisahauliwe, maana ukiziba, petroli hurudi juu wakati wa kujaza. Mwisho bomba lipakwe rangi ya kuzuia kutu, tangi litiwe petroli kidogo kidogo, na maungio yakaguliwe kwa macho na pua, wala si kwa kiberiti.

Aliye safarini, mbali na mji, aweza kusugua sabuni kavu ya kufulia juu ya ufa mdogo, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Lakini hiyo ni dawa ya kumfikisha nyumbani tu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili, achelewaye kuziba huenda asibaki wa kuujenga.