Picha Kuganda Mitaani: Lawama kwa Kompyuta za Mtumba na Deni la Wanakiswahili

Wahenga walinena kuwa rahisi ghali. Aghalabu kauli hii ndiyo hutolewa kompyuta ya mtumba inapoganda picha katika saiba ya Umoja, Kayole, Dandora au Buruburu, jioni ya Juni 30, mteja akihangaika kuwasilisha ripoti yake ya ushuru. Lawama zote huiangukia mashini, nayo huhukumiwa kuwa mbovu. Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Yanashikilia kwamba mara nyingi ugonjwa haumo katika bei ya kompyuta, bali katika uhusiano wake na mfumo wa uendeshaji, na kwamba wanakiswahili wana deni katika jambo hili.

Kwanza, ni muhimu kueleza jinsi picha inavyofika kwenye skrini. Kila kompyuta ina chipu ya michoro, na chipu hiyo haielewi amri za mfumo wa uendeshaji bila mkalimani. Mkalimani huyo ni programu ndogo ambayo mafundi wa mitaani huiita draiva. Draiva isipopatikana, mfumo hutumia njia ya msingi tu: picha hukwaruza, video hukatikakatika, na wakati mwingine kompyuta iliyolala haiamki. Isitoshe, katika kompyuta nyingi za bei nafuu, chipu ya michoro haina kumbukumbu yake yenyewe. Hukopa ile ya kompyuta. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 inapomegewa hivyo, mzigo mdogo tu huilemea.

Watengenezaji wa mifumo hawakulifumbia macho tatizo hili. Windows Vista, iliyotoka mwaka wa 2007, ilileta utaratibu wa kuiwasha upya draiva iliyokwama, bila kuuangusha mfumo mzima. Mwaka wa 2009, Linux nayo ilianza kuhamishia upangaji wa skrini ndani ya kiini chake, kwa kuanzia na chipu za Intel. Hata hivyo, msaada una mwisho. Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, ilhali Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, sharti ambalo kompyuta nyingi za mtumba haziwezi kulitimiza. Kampuni ya NVIDIA nayo iliacha kuitunza draiva yake ya mfululizo wa 390 mwishoni mwa mwaka wa 2022. Kadi hizo hazikuharibika siku hiyo. Kilichokatika ni utunzaji.

Hapa ndipo tofauti ya draiva huria inapodhihirika. Ni kweli kwamba mwaka wa 2021 mradi wa Mesa, unaotunza draiva za michoro za Linux, uliziondoa baadhi ya draiva kongwe katika shina lake kuu. Lakini msimbo wake ulihifadhiwa katika tawi la pembeni, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuuendeleza. Draiva iliyofungwa haitoi nafasi hiyo.

Wapo watakaosema kuwa mwenye saiba hataki falsafa. Anataka printa ichape na mteja aione programu aliyoizoea. Hoja hiyo ina uzito, kwani si kila printa wala kila programu inayokubaliana na Linux. Lakini haimzuii mnunuzi kuipima kompyuta kabla ya kuilipia. Flashi diski yenye Linux inatosha kuiwasha bila kugusa diski yake. Baada ya hapo achezeshe video kwa nusu saa, ailaze kompyuta na kuiamsha, kisha aunganishe skrini ya pili. Ikistahimili hayo, rahisi haijawa ghali.

Je, wanakiswahili wanaingiaje? Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Hata hivyo, tafsiri za aina hiyo zilijikita zaidi katika menyu kuliko katika maelezo ya hitilafu. Neno kiendeshi, mathalani, hutumiwa kwa kifaa cha kusomea diski na pia kwa programu hii inayokalimani. Fundi wa Kayole anayesema draiva ameondoa utata ambao istilahi sanifu imeushindwa. Busara ni kulipokea neno lake, si kumsahihisha.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza na kazi ndogo: mwongozo wa ukurasa mmoja wa kupima kompyuta ya mtumba, ulioandikwa kwa msamiati wa mafundi na kubandikwa katika saiba. Vinginevyo, kompyuta iliyokosa mkalimani tu itaendelea kutupwa kama takataka, katika mji ambao jaa lake la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka wa 2001. Lugha inayojua kusifu teknolojia lakini haijui kuitibu bado haijaimiliki.