Mastaa wa Arusha, Onyesheni Kadi ya Chanjo Kwanza!

Haya sasa! Mtindo wa mjini ni mbwa mwenye kifurushi. Staa wa Njiro kakumbatia kijibwa cheupe chenye utepe shingoni, chini ya picha kaandika: "Mwanangu kapata kifurushi cha afya, asante daktari." Ndani ya kifurushi kuna nini? Kuogeshwa, kukatwa kucha, marashi na keki ya siku ya kuzaliwa. Chanjo imeandikwa chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Wafuasi wanamwaga makopakopa, kliniki inahesabu wateja.

Hakuna anayekataa mbwa kuoga. Kulipia huduma ya mwaka mzima ni wazo zuri: mwenye mbwa anakumbushwa tarehe, mbwa anapata dawa ya minyoo, ya kupe, na chanjo kwa wakati. Ubaya ni kuuza marashi huku sindano imefichwa. Kichaa cha mbwa hakijali utepe. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, na linasema katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto huyo hayuko Instagram. Anarudi shule kwa miguu, Moshono au Ngaramtoni, na geti la staa limeachwa wazi.

Eti "mbwa wangu hatoki nje". Muulizeni mlinzi! Yeye ndiye anayewafungulia usiku, na yeye ndiye wa kwanza kung'atwa.

Madaktari nao wasijifiche nyuma ya mastaa. Wilayani Serengeti, mkoani Mara, mbwa wa vijijini wamekuwa wakichanjwa kwa wingi tangu 2003, bila shampuu wala mpiga picha, na ugonjwa ukapungua sana. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, kichaa kinakosa pa kupita. Hao 70 hawatimii kwa mbwa wa Njiro peke yao. Wengine wako Unga Limited, Sakina, na kwenye migomba ya mteremko wa Meru. Kliniki inayotaka sifa ifanye hivi: kila kifurushi kikiuzwa, mbwa mmoja wa huko achanjwe bure. Hiyo ndiyo kiki yenye maana.

Na wewe staa uliyepewa kifurushi cha bure ili uposti, sema umepewa. Kisha weka picha moja tu: kadi ya chanjo, tarehe na mhuri vinaonekana. Kama huna, acha kuwaita wenzako washamba kwa sababu mbwa wao anakula makande. Mbwa wa makande aliyechanjwa ana afya. Wa keki asiyechanjwa ni hatari yenye utepe.